Magari Yanaenda Mbio, Watu Wamebaki Nyuma

Mwezi Juni 2002, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, kulikuwa na magari mawili ambayo hayakuja kutafuta kombe. Moja liliandikwa Vaillante, jingine Leader. Hakuna mtu aliyewahi kununua gari la Vaillante, na hakuna kiwanda kinachoitwa Leader: majina yote mawili yametoka katika vitabu vya katuni. Lakini magari yenyewe yalikuwa ya kweli, yalitunzwa na timu ya Kifaransa ya DAMS, yaliendeshwa na madereva wa mbio, na kazi yao ilikuwa kubeba kamera. Audi ndiyo iliyoshinda mwaka ule. Watengenezaji wa filamu ya Michel Vaillant nao walipata walichokifuata: usiku wa kweli, mwendo wa kweli na umati wa kweli uliojaa kandokando ya barabara.

Filamu ilitoka Novemba 2003. Luc Besson, Mfaransa aliyekwisha kujipatia jina duniani, alishiriki kuiandika na kuitayarisha. Louis-Pascal Couvelaire aliiongoza, Sagamore Stévenin akacheza dereva Michel, na Diane Kruger akacheza Julie Wood. Magari yanang'aa. Injini zinanguruma hadi kiti kinatetemeka. Mtu anaweza kuitazama mpaka mwisho bila kusinzia, na asubuhi yake asikumbuke Michel alipenda nini, aliogopa nini, wala kwa nini alikuwa akikimbia.

Hasara hiyo inawagusa wasomaji wa Bukavu pia. Michel Vaillant alizaliwa kwenye karatasi mwaka 1957, katika jarida la Tintin, kwa mkono wa mchoraji Jean Graton, mwenyeji wa Nantes aliyehamia Brussels na kufariki huko mwaka 2021. Mwaka huo wa 1957 Bukavu ilikuwa bado chini ya Wabelgiji, na jina lake la zamani, Costermansville, lilikuwa limefutwa miaka michache tu nyuma. Katuni za Kibelgiji zilifika Kongo kwa njia zilezile zilizoleta vitabu vya shule, zikasomwa, zikaazimwa, zikachanika. Baadaye nchi ikazaa wachoraji wake wenyewe, na Barly Baruti, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, ni mmoja wa wanaojulikana zaidi. Kwa hiyo Michel si mgeni hapa. Waliomjua kitabuni walikuwa na haki ya kumtafuta kwenye filamu, na haki ya kusikitika walipomkosa.

Familia iliyopotea njiani

Katika vitabu vya Graton, gari halikuwa peke yake. Nyuma yake kulikuwa na nyumba. Baba, Henri Vaillant, ndiye mwanzilishi wa kiwanda. Kaka, Jean-Pierre, anasimamia timu. Mama, Élisabeth, anasubiri nyumbani huku mwanawe akihatarisha maisha. Rafiki wa Michel ni Mmarekani Steve Warson, mtu wa hasira na kicheko, ambaye mara nyingine anakuwa mpinzani wake. Msomaji alielewa haraka kwamba Michel akishindwa hapotezi kombe tu. Anarudi nyumbani kula meza moja na watu ambao kazi yao, jina lao na mishahara ya wafanyakazi wao vilikuwa mikononi mwake tangu asubuhi.

Filamu iliwachukua watu hawa wote, ikawavisha nguo nzuri, kisha ikawasahau. Tumwangalie Julie Wood. Kwa Graton, Julie ni mwendesha pikipiki ambaye mwaka 1976 alipewa mfululizo wake mwenyewe wa vitabu. Katika filamu, yeye ni mke wa dereva wa Vaillante. Mumewe anakufa kwenye mashindano, naye anaamua kushika nafasi yake Le Mans. Hapo pana habari nzito mno. Mwanamke amefiwa, na jibu lake ni kuingia katika kazi ileile iliyomuua mume. Je, ni ujasiri? Ni hasira? Ni njia ya kuukimbia msiba? Ndugu wa marehemu wanasema nini? Usiku wa kwanza anapovaa kofia ngumu, anahisi nini? Filamu haina subira ya kuuliza. Julie anafika uwanjani akiwa mrembo na shujaa, na msiba unabaki kuwa sababu tu ya kumweka kwenye gari.

Adui, Ruth Wong, ana bahati mbaya zaidi. Anairudisha timu ya Leader iliyoachwa na baba yake, naye anataka kuiangusha familia ya Vaillant kwa gharama yoyote. Binti anayepigania jina la baba yake angeweza kuwa kioo cha Michel, maana wote wawili wamerithi vita ambavyo hawakuvianzisha. Badala yake Ruth anapewa kazi ya kuwa mbaya. Anaamuru ubaya, anatabasamu, anaamuru tena. Mzee Henri anatekwa nyara ili Michel alazimike kushindwa mbio, na hata tukio hilo, ambalo lingemweka mtoto katikati ya baba na kazi, linaishia kuwa fumbo la kutatuliwa kwa ujanja.

Michel mwenyewe hana kosa. Ni mwema tangu dakika ya kwanza, mwema katikati, mwema mwisho. Mtu asiye na kosa hana la kujirekebisha, na asiye na la kujirekebisha hawezi kubadilika. Mtazamaji anamheshimu kwa mbali, basi.

Kofia ngumu na kamera

Kosa hili la kuwasahau watu halikuanza na Michel Vaillant wala halikuisha naye. Filamu za mbio za magari zina ugonjwa wake, na sehemu ya ugonjwa huo inatokana na kazi ya dereva yenyewe.

Bondia anapigana uso ukiwa wazi. Kila baada ya dakika chache anakaa kwenye kiti, mwalimu wake anamfuta jasho na kumsemesha, na mtazamaji anasikia hofu yake. Mchezaji wa mpira analalamika, anaanguka, anakumbatia wenzake. Dereva wa mbio amefunikwa kichwa kizima. Yuko peke yake ndani ya chuma kinachopiga kelele, na yanayoonekana ni macho mawili na glavu. Kwa hiyo mwandishi wa filamu ya mbio ana kazi ngumu kuliko mwenzake wa filamu ya ngumi: lazima amjenge mtu kabla hajafungiwa garini. Yaliyomo moyoni mwa dereva yakijulikana mapema, kila kona ya barabara inakuwa na maana. Yasipojulikana, kona ni kona tu.

Sababu ya pili ni fedha na kalenda. Mbio za kweli zina tarehe, na tarehe haimsubiri mwandishi. Mfano mkubwa ni Le Mans, filamu ya Steve McQueen iliyotoka mwaka 1971. McQueen aliyapenda mashindano kwa moyo wote na alitaka filamu ya kweli kuliko zote zilizotangulia. Katika mashindano ya mwaka 1970 gari aina ya Porsche 908 liliingizwa likiwa na kamera, likapiga picha katikati ya ushindani wenyewe. Kisha kazi ikaendelea kwa miezi, huku hadithi ikiwa bado haijakubaliwa. John Sturges, aliyekuwa amemwongoza McQueen katika The Magnificent Seven na The Great Escape, alichoka na kuondoka, na Lee H. Katzin akaletwa kumalizia. Dereva David Piper alipata ajali wakati wa kupiga picha na kukatwa sehemu ya mguu. Gharama hiyo yote, hata ya mwili wa mtu, ililipwa kabla ya mtu yeyote kusema kwa uhakika Michael Delaney, mhusika mkuu, ni nani.

Matokeo yanaonekana. Zaidi ya nusu saa ya mwanzo inapita karibu bila mazungumzo. Wapenzi wa magari hadi leo wanaienzi filamu ile, na wana haki, kwa sababu hakuna aliyewahi kuonyesha Porsche 917 na Ferrari 512 vile. Lakini mtazamaji wa kawaida, yule aliyekuja kutafuta mtu, alitoka mikono mitupu, na filamu haikufanya vizuri sokoni ilipotoka.

Na humo pia yumo mjane. Anaitwa Lisa Belgetti. Mumewe alikufa katika mbio za mwaka uliotangulia, katika ajali iliyomhusisha Delaney. Wanakutana, wanatazamana, wanasema maneno machache. Miaka 32 baadaye Julie Wood akaingia kwa mlango uleule. Ni jambo la kushangaza kwamba filamu mbili kubwa kuhusu uwanja mmoja zilimwona mwanamke aliyefiwa, zote mbili zikamtumia kama pambo la huzuni. Katika Kivu, ambako wajane ni wengi na kila mmoja anabeba suala la watoto, la nyumba na la ndugu wa mume, mtazamaji hahitaji kufundishwa kwamba maisha ya mjane ni hadithi nzima. Anashangaa tu kuona imerukwa.

Hata filamu mpya hazijapona kabisa. F1 ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Joseph Kosinski, ilipigwa picha wakati wa mashindano halisi ya Formula 1, Lewis Hamilton akiwa miongoni mwa watayarishaji, na iliingiza fedha nyingi kuliko filamu yoyote ya mbio iliyotangulia. Picha zake zinakata pumzi. Brad Pitt anacheza Sonny Hayes, mzee wa kazi anayerudi uwanjani. Damson Idris, Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, anacheza kijana Joshua Pearce. Joshua ana mama anayempenda, ana njaa ya jina, na yumo katika mchezo ambao weusi wamekuwa wachache sana. Mambo hayo matatu yangetosha filamu nzima. Lakini kila anapoanza kuchanua, filamu inarudi kwa Sonny na umahiri wake. Kate McKenna, anayechezwa na Kerry Condon, anatambulishwa kama mwanamke wa kwanza kuongoza ufundi wa timu ya Formula 1, kisha sehemu kubwa ya muda wake inaenda kwenye mapenzi na dereva. Mtazamaji anaambiwa kwamba mwanamke huyu alifika mahali ambapo hakuna aliyefika. Haonyeshwi njia aliyopita.

Pale ilipowezekana

Uthibitisho kwamba dawa ipo ni Rush, filamu ya Ron Howard ya mwaka 2013 iliyoandikwa na Peter Morgan. Inasimulia msimu wa 1976, Niki Lauda wa Austria dhidi ya James Hunt wa Uingereza. Tarehe 1 Agosti mwaka huo Lauda aliungua vibaya kwenye uwanja wa Nürburgring, akasomewa hata sala za mwisho hospitalini, na wiki 6 baadaye alikuwa amerudi kwenye mashindano Monza. Katika mbio za mwisho nchini Japani mvua ilinyesha sana. Lauda alizunguka mara mbili, akasimamisha gari na kushuka. Hunt akachukua ubingwa kwa tofauti ya pointi moja.

Mwandishi mvivu angeiona siku ile ya Japani kuwa tatizo: shujaa anawezaje kuacha mbio? Morgan aliona ndiyo roho ya hadithi. Tangu mwanzo Lauda anaonyeshwa kama mtu wa hesabu, anayepima hatari kama mfanyabiashara anavyopima hasara, na Hunt kama mtu asiyehesabu chochote. Kwa hiyo Lauda anaposhuka garini, mtazamaji anajua ni mtu yuleyule aliyemfahamu, ila sasa ana mke na maisha ambavyo hakuwa navyo zamani, na hesabu imebadilika. Sekunde chache za gari kusimama zinashinda dakika nyingi za gari kukimbia.

Sinema ya Kongo nayo imetoa somo lake. Viva Riva! ya Djo Tunda wa Munga, iliyotoka mwaka 2010, haina uwanja wa mbio, lakini inaendeshwa na petroli: Kinshasa imekaukiwa mafuta, na Riva amerudi kutoka Angola na shehena ya magendo. Kila anayemfukuza ana sababu yake, na sababu hizo zimetoka katika mji wenyewe, katika foleni za vituo vya mafuta na katika tamaa ya mtu aliyeishi muda mrefu bila kitu. Mtazamaji wa Bukavu anayejua bei ya lita inavyopanda barabara inapofungwa anawaelewa watu wale mara moja.

Kuna pia shule nyingine ya wahusika ambayo wakosoaji huidharau, nayo ni wasimulizi wa filamu. Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya wamewafanya mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili wapende filamu za kigeni kwa kuziwekea sauti yao. Anayewasikiliza kwa makini ataona kwamba hawatafsiri tu. Mhusika asiye na jina wanampa jina. Adui asiye na sababu wanampa deni, wivu au ugomvi wa ukoo. Dereva anayekimbia bila kueleweka wanamwekea mtu anayemsubiri. Kazi wanayoifanya ni ile ambayo mwandishi wa asili aliiacha, na watazamaji wanaojaa kwenye vibanda vya video wanaifuata kwa sababu wanataka kujua nani ni nani kabla hawajaamua wamshangilie yupi.

Safari Rally na filamu zilizoipita bila kuiona

Afrika Mashariki ina mashindano ambayo yangeweza kulisha filamu kumi. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Haikuwa na uwanja uliofungwa. Kwa miaka mingi magari yalikimbia katika barabara za kila siku, yakikutana na mabasi, ng'ombe na watoto wanaotoka kanisani, kwa sababu wakati wake ulikuwa Pasaka na Pasaka ni majira ya mvua. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena.

Sinema ilikuja, ikatazama vumbi na wanyama, ikaondoka. Waitaliano walitoa filamu yao mwaka 1978, ikimtumia Joe Dallesandro kama nyota. Mwaka 1982 ikaja Safari 3000 ya Harry Hurwitz, kuhusu mbio ndefu za kubuni barani Afrika. David Carradine ni Mmarekani mwenye kazi ya kufanya michezo ya hatari katika filamu. Stockard Channing ni mwandishi wa habari anayepanda naye. Christopher Lee ni tajiri wa Kizungu mwenye cheo cha ukoo, mpinzani wao. Waigizaji hao watatu ni hodari, na hilo ndilo linaloumiza. Lee, aliyeweza kumtisha mtazamaji kwa kuinua nyusi tu, anapewa mhusika ambaye sifa yake ni majivuno peke yake. Bara zima linakuwa pazia la nyuma, na wote watatu waliobeba hadithi ni wageni.

Wakati huohuo watu wa kweli walikuwapo, wakiwa na maisha ambayo hakuna mwandishi angehitaji kuyaongezea chumvi.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932 katika familia ya Masingasinga, akakulia kwenye gereji ya baba yake. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965, yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika katika mbio za nyuma, gari ambalo wengine walikuwa wamemalizana nalo. Wakashinda, na Joginder akawa mshindi wa kwanza asiye Mzungu. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiwa na Mitsubishi Lancer, na alikuwa mmoja wa wale waliofika mwisho mwaka 1963 na 1968 pia. Mtu aliyefahamu gari kwa vidole, aliyejua sauti ya chuma kinachokaribia kuvunjika, alikuwa anashindana na timu za viwanda vya Ulaya zilizoleta ndege na shehena za vipuri. Kila uamuzi wake wa kuongeza au kupunguza mwendo ulikuwa uamuzi wa fundi. Filamu ingehitaji kumwonyesha gerejini kwa dakika kumi tu, na baada ya hapo kila mlio wa injini ungekuwa mazungumzo.

Shekhar Mehta ana hadithi nzito zaidi. Alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika familia ya Kihindi yenye mashamba. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka. Familia ilipoteza nchi, na Mehta akahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, mwaka 1973, aliingia Safari na Datsun 240Z. Mwisho wa mbio yeye na Msweden Harry Källström, aliyekuwa pia na Datsun, walikuwa na pointi sawa za adhabu. Ushindi ukaenda kwa Mehta kwa kanuni ya kuwatenganisha waliofungana. Kisha akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982, na jumla ya ushindi wake ikafika mara tano. Mkewe, Yvonne, alikuwa mwelekezi wa njia katika mbio, mtu wa kiti cha pembeni anayesoma barabara kwa sauti. Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilimtoa Mehta kwenye usukani, akaendelea kuutumikia mchezo kama kiongozi katika shirikisho la kimataifa hadi alipofariki mwaka 2006.

Mtu aliyefukuzwa alikozaliwa anashinda, miezi michache baadaye, mbio zilizowahi kupita nchi hiyohiyo. Kila mwandishi wa filamu duniani hutafuta kitu kama hicho. Kilikuwa kimelala wazi katika magazeti ya Nairobi.

Mteremko wa Ngomo

Vijana wa Kivu wanaotaka kutengeneza filamu hawana helikopta wala Porsche. Wana simu nzuri, wana kompyuta za kuhariria, na tangu katikati ya miaka ya 2000 kundi la Yole!Africa, jirani zao wa Goma, limekuwa likifundisha sinema na kuandaa tamasha. Kwa aina hii ya filamu upungufu wa fedha unaweza kuwa msaada, kwa sababu unamzuia mwandishi kukimbilia gari kabla hajamaliza kumfikiria mtu. Mhusika haagizwi Japani. Anapatikana mitaani Bukavu, iwe Kadutu, Essence au Nyawera, na gharama yake ni kumsikiliza.

Barabara nayo ipo. Kutoka Bukavu kwenda Uvira kuna kama kilomita 130 za barabara ya taifa namba 5, kupitia Nyangezi hadi Kamanyola, na katikati kuna Ngomo: mlima umekatwa ukingoni, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine korongo. Mvua ikinyesha lori moja likinasa, mengine yote yanasimama. Wenye haraka na karatasi kamili huvuka mto Ruzizi, wakapita lami ya Rwanda hadi Bugarama na kurudi Kongo Kamanyola. Asiye na karatasi, au asiye na pesa ya mpakani, anapita Ngomo. Vita navyo vimeikata njia hii mara nyingi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mwandishi wa filamu angelipenda. Kongo inaendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya mashariki yametoka Japani kupitia Dar es Salaam, na usukani wake uko kulia pia. Dereva wa gari kama hilo haoni vizuri mbele anapotaka kulipita lori. Anamtegemea konvoyeri, kijana msaidizi aliyekaa kushoto, amwambie kama njia iko wazi. Konvoyeri ndiye pia anayeruka chini kuweka jiwe nyuma ya tairi gari linapoanza kurudi nyuma mlimani. Maisha ya watu kumi yanaweza kutegemea neno la kijana wa miaka 17 ambaye analipwa kidogo na hajalala. Katika Safari Rally mtu wa kiti hicho ana ramani, daftari na jina lake mlangoni. Huyu wa Ngomo hana hata kimoja.

Mwandishi anayetaka kujaribu anaweza kuanza na safari moja ya lori la Fuso kutoka Uvira kupanda Bukavu. Dereva ana deni la mwenye gari, na siku ya kulipa ni kesho. Konvoyeri ni mtoto wa dada yake, na usiku uliopita wamegombana kwa sababu kijana anataka kuacha kazi. Nyuma yuko mama muuza samaki wabichi aliyekopa mtaji katika kikundi cha akiba. Mvua imeanza, barafu inayeyuka. Chini ya Ngomo magari yamesimama, na madereva wazoefu wanasema wangoje asubuhi. Mama anataka waende. Kijana anaogopa lakini hataki mjomba ajue. Dereva anajua kwamba akipanda atahitaji macho ya mtoto ambaye hasemi naye tangu jana.

Kuanzia hapo mwandishi ana hofu tatu, madeni mawili, ugomvi mmoja na barabara. Ataamua nani aombe radhi kwanza, na kama itakuwa kabla ya gari kuwashwa au katikati ya mlima, na hatalazimika kulipindua gari hata moja ili watu wakae kimya wakisubiri jibu.